Bunduki Iliyonasa Ukutani

Septemba 15, 2024 ilitimia miaka 160 tangu John Hanning Speke afe kwa bunduki yake mwenyewe, na hapa Mwanza siku hiyo ilipita kama Jumapili nyingine yoyote. Watu walitoka misani, wakala sato, wakatazama mpira. Sikusikia mtu akimtaja. Hilo silioni ajabu, maana hata Isamilo, kilima kinachosimuliwa kwamba ndipo aliposimama kulitazama ziwa, leo ukikitaja watu hufikiria shule na nyumba za mteremkoni.

Mimi nilikumbushwa na bastola. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nyumbani kwa mzee mmoja anayefanya biashara ya dagaa na mabondo, mtu anayesafiri na fedha taslimu kati ya visiwa na mjini, mwenye kibali cha kumiliki silaha. Alikuwa na malalamiko. Alitoa risasi zote tano, akazipanga mezani kama korosho, kisha akanipa ile bastola ndogo niushike mpini wake. Ulikuwa wa mpira mweusi, laini, unaojaa kiganjani vizuri.

“Ukiushika ni mtamu,” akasema. “Tatizo mfukoni. Unang'ang'ania nguo kama kupe.”

Nikamwambia, “Mzee, mtu aliyelipa ziwa letu jina la Victoria alikufa kwa jambo la namna hiyohiyo.” Hakuniamini. Makala haya yameanzia hapo.

Sehemu ya kwanza ya kisa inajulikana. Julai 1858 Speke alimwacha mwenzake Richard Burton akiumwa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, akaenda kaskazini na wapagazi, askari wa Kibaluchi na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India na akarudi Afrika akiwa huru. Agosti 3 aliliona ziwa kwa upana wake. Mwanza wakati huo ilikuwa na mtemi wake, Mahaya, na maji yale yalikuwa na jina lake, Nyanza. Speke akaweka jina la malkia wake. Kisha akaamua, bila kulizunguka ziwa wala kuona mto ukitoka ndani yake, kwamba hapa ndipo Nile inapoanzia.

Alikuwa amepatia, ila hakuwa na ushahidi. Burton hakumsamehe kwa hilo, na zaidi hakumsamehe kwa kutangulia kufika London Mei 1859 na kuwatangazia mabwana wa Chama cha Kifalme cha Jiografia kabla yeye hajafika. Speke akarudi Afrika na James Grant, akasimama Julai 1862 mahali maji yanapotoka ziwani kuelekea kaskazini, pale Jinja, lakini akawa ameacha kipande cha mto bila kukifuata. Burton akapata nafasi ya kumtia kitanzini. Ikapangwa wakutane kwa mdahalo mbele ya wanasayansi mjini Bath, Septemba 16, 1864.

Asubuhi ya tarehe 15 wawili hao walionana ukumbini. Hawakusalimiana. Mchana Speke aliondoka, akaenda kwa jamaa zake jirani, eneo la Neston, kuwinda kwale. Alikuwa na binamu yake George Fuller na mtunza wanyama wa shamba, Daniel Davis. Yapata saa kumi jioni walifika kwenye ukuta wa mawe yaliyopangwa bila udongo, na sehemu aliyochagua kuuvuka haikuzidi futi mbili kwenda juu. Mtoto wa shule ya msingi angeuruka. Fuller alikuwa ametangulia hatua kadhaa mbele uwanjani. Akasikia mlio. Alipogeuka alimwona Speke amesimama juu ya ukuta, mikono mitupu, kisha akaanguka.

Risasi ilikuwa imeingia ubavuni, upande wa kushoto, chini ya kwapa. Speke bado alikuwa na fahamu, akaomba asisogezwe. Fuller alikimbia kutafuta msaada, na mpaka daktari anafika, roho ilikuwa imeshatoka. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Bunduki ilikutwa pale chini. Ilikuwa ya mitutu miwili, kazi ya fundi Lancaster wa London, haina kizuizi chochote cha usalama. Mtutu mmoja ulikuwa umefyatuka, na nyundo ya mtutu wa pili ilikuwa imevutwa nusu. Nyundo za bunduki za wakati ule zilikaa nje, juu ya mitutu, zimechongoka kama masikio ya mbuzi. Ukiegemeza bunduki ukutani ukapanda, kisha ukaivuta kwa mdomo wa mtutu ikufuate, kila jiwe na kila kijiti kinaweza kuishika. Ikinasa na wewe ukaendelea kuvuta, nyundo inarudi nyuma, ikiachiwa inagonga.

Wazee wa baraza waliokaa kesho yake kuchunguza kifo hicho waliamua ni ajali. Burton aliposomewa habari ile ukumbini, mbele ya watu waliokuja kusikia wakipapurana, alishindwa kuendelea na shughuli aliyoiandaa. Lakini baadaye hakuacha kuchochea minong'ono kwamba Speke alijiua kwa kuogopa mdahalo. Minong'ono hiyo ina maisha marefu kuliko wote waliohusika, na hadi leo wapo wanaoirudia kana kwamba waliuona ule ukuta.

Mimi nimekaa upande wa Tim Jeal, mwandishi wa Uingereza aliyechapisha mwaka 2011 kitabu kikubwa kuhusu watafutaji wa chanzo cha Nile. Jeal anamtetea Speke kwa jazba ambayo mara nyingine inapita kiasi, lakini kwenye jambo hili hoja yake ni ya mtu anayejua bunduki ndefu inavyoshikwa. Mtu anayetaka kujiua halengi kwapa. Mtutu ni mrefu, mkono haufikii kifyatulio kwa urahisi, na kidonda cha pale ni cha mtu aliyekuwa akiivuta silaha kuelekea mwilini mwake. Speke alikuwa mwindaji tangu utoto, na wenye mazoea ndio husahau.

Mafundi wa bastola walilifahamu tatizo hili la nyundo kunasa, hasa kwa zile za kubeba mfukoni. Mwaka 1887 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa bastola ndogo yenye nyundo iliyofichwa ndani ya chuma, isiyo na kitu cha kunasa. Mwaka 1927 Colt wakatoa yao ya mtutu mfupi iliyopendwa na makachero. Mwaka 1950 Smith & Wesson walirudi na kijibastola cha risasi tano, na miaka miwili baadaye wakatoa ndugu yake mwenye nyundo ya kufichwa. Ya mzee wangu ni kizazi cha hao.

Lakini nyundo ikishafichwa, kinachobaki kunasa ni mpini, na huko ndiko fujo ilipo. Mpini mrefu unatoshea vidole vyote, ila unachomoza na kuinua shati, kila mtu anajua umebeba nini. Mfupi mno unaacha kidole cha mwisho kikielea hewani. Nyuma ya pete ya kifyatulio kuna uwazi mdogo. Usipojazwa, pete hiyo hugonga fundo la kidole cha kati kila bastola inaporuka. Chuma cha mgongo wa mpini kikiachwa wazi kinapiga kiganja. Kikifunikwa kwa mpira kiganja kinapona, lakini bastola inanenepa, na mpira unashika kitambaa. Mbao nyororo huteleza vizuri kutoka mfukoni, ila mkono wenye jasho la Mwanza la mwezi Oktoba hauishiki kwa imani. Wenye busara huchagua mbao iliyochongwa michirizi pale tu vidole vinapogusa, na kwingine kote ikaachwa laini, kingo zikiwa mviringo.

Wengi wanaonunua hapa kwetu huuliza nchi ilikotengenezwa na bei. Sijamsikia anayeuliza mpini, ingawa hiyo ndiyo sehemu pekee atakayoishika.

Mipini mizuri, kwa kejeli ya historia, ilitoka huku. Pembe za ndovu zilizokusanywa Kazeh na kushushwa Bagamoyo zilivuka Zanzibar hadi jimbo la Connecticut, kwenye viwanda vya Ivoryton na Deep River vilivyozigeuza kuwa funguo za piano. Katika jimbo hilohilo, mjini Hartford, Colt alikuwa akitengeneza bastola, na mpini wa pembe ulikuwa ni oda ya mwenye pesa. Biashara ya pembe ilipigwa marufuku kimataifa mwaka 1989, Tanzania ikiwa miongoni mwa waliosimamia hoja hiyo. Mpingo wetu, mgumu na mweusi, bado unatafutwa na wachongaji wa mipini ughaibuni, ingawa wapiga zumari ndio wanaousifia kwa sauti zaidi.

Bastola yenyewe ilifika ufuoni mapema. Februari 1862 Speke alipompelekea zawadi Kabaka Mutesa, orodha aliyoiandika mwenyewe ilikuwa na bunduki, saa ya dhahabu, vitambaa vya hariri na bastola moja ya silinda. Anasimulia pia kwamba Mutesa alijaza moja ya bunduki alizopewa, akamkabidhi kijana wa ikulu na kumtuma akampige mtu uani kuona kama inafanya kazi. Kijana alirudi akitabasamu. Nasoma ukurasa huo na kujiuliza kwa nini Speke, aliyeona hivyo, aliendelea kugawa silaha.

Miaka iliyofuata ilijaa baruti. Mpelelezi Stanley aliteremsha mashua yake Kageye, Magu, Machi 1875, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amewamiminia risasi watu wa Bumbire mara mbili. Aliyoyaandika kwa kujisifu yakazua ugomvi London. Mwaka 1877 wamisionari Smith na O'Neill waliuawa Ukerewe. Mkutano wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika, Wajerumani wakaingia na zao, na mwanakijiji akabaki na gobore. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Usukuma ilipochoshwa na wezi wa ng'ombe, Sungusungu walijipanga kwa upinde na mishale. Siku hizi mwenye kutaka bastola hupitia serikali ya mtaa, kamati za ulinzi na usalama na polisi, chini ya sheria ya mwaka 2015 iliyofuta ile ya 1991.

Speke ana ghuba yenye jina lake hapo mashariki ya mji. Ana mnara wa mawe katika bustani ya Kensington, London, na karibu na ule ukuta wa Neston kuna jiwe linalosema alikufa kwa ajali ya bunduki yake. Bombay, aliyefika ziwani pamoja na Speke na kuvuka bara hili zaidi ya mara moja, alipewa nishani ya fedha na pensheni, akafa mwaka 1885. Mtaa wenye jina lake hapa Mwanza sijauona. Wala wa Mahaya, aliyekuwa mwenyeji.

Nilimsimulia mzee haya yote, naye akasikiliza akizirudisha risasi moja moja kwenye silinda. Alichotaka kujua ni kimoja: kama kweli ukuta ulikuwa futi mbili tu. Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, akaitia bastola mfukoni, akainuka kunisindikiza. Mlangoni alitaka kuiweka sawa, akaivuta kidogo, na kitambaa cha ndani cha koti kikatoka nayo.