Ule Waya Mfupi Tuliouacha Kwa Transfoma

2023 stima ilipotea nchi nzima Agosti, Novemba, halafu Desemba tena. Tangu hapo kila mtaa ukipita unaona paneli juu ya mabati, na kila ploti kuna mtu anajisifu ako na inveta. Sina shida na hiyo, hata haya ninayaandika nikiwa kwa sola. Shida yangu ni kwamba kuna waya mmoja mfupi ambao umekuwa ukikulinda tangu uzaliwe, hujawahi kuuona, na siku nyumba yako inahamia kwa inveta mara nyingi unabaki nyuma. Mabishano kuhusu huo waya yalianza kabla Nairobi haijakuwa hata stesheni ya reli.

Angalia plagi ya friji yenu. Miguu mitatu. Laivu inaleta stima, nyutro inairudisha, na ule mguu mrefu wa juu ni athi (si ule mto). Wengi wetu tuliambiwa athi inachukua stima iliyovuja na kuimwaga kwa udongo, ikaisha hapo. Zii. Stima haimezwi na udongo. Lazima irudi pale ilipotoka, na ilipotoka ni kwa transfoma. Sasa, kule kwa transfoma nyutro imeunganishwa na nondo ya shaba iliyozikwa ardhini. Huo muungano ndio waya wangu mfupi. Laivu ikigusa mwili wa friji, stima inapitia athi, inapata njia ya kurudi kwa nyutro, na RCD, ile swichi yenye kitufe cha T kwa boksi ya breka, inaona kuna stima imeenda na haijarudi kwa njia yake. Inakata. Toa huo muungano na athi ya nyumba yako inabaki kuwa chuma kwa udongo tu.

Hapo mwanzo haukuwepo. Edison alipowasha kituo chake cha Pearl Street, New York, tarehe 4 Septemba 1882, nyaya zake hazikuunganishwa na ardhi. Na ukifikiria, ilikuwa na maana: kama hakuna waya uliofungwa kwa udongo, mtu aliyesimama chini akigusa waya mmoja hakuna njia ya stima kurudi, hapigwi. Kwa karatasi ni safi kabisa. Lakini mji una mvua, panya, na nyaya ambazo mpira wake umechakaa. Waya mmoja ukigusa bomba kwa nyumba ya jirani, hakuna kinachotokea. Taa zinawaka, hakuna anayejua. Halafu wewe, mitaa mitatu mbali, unagusa ule waya mwingine, na kosa la jirani linapitia kwa mwili wako.

Mambo yakachemka zaidi transfoma ilipoingia. William Stanley alionyesha mfumo wake wa stima ya mkondo geu huko Great Barrington, Massachusetts, mwaka 1886. Sasa kulikuwa na volti kubwa barabarani na volti ndogo nyumbani, na katikati ni koili mbili zilizotenganishwa na kitambaa na mafuta. Hizo koili zikigusana, volti za barabarani zinaingia jikoni. Elihu Thomson, mmoja wa wahandisi wakubwa wa wakati huo, alikuwa kati ya waliosema dawa ni kufunga upande wa nyumba kwa ardhi, ndio kosa likitokea lijionyeshe mara moja na fyuzi iungue.

Waliokataa ni watu wa bima. Mwaka 1892 bodi ya kampuni za bima ya moto New York ilitoa ripoti ya kulaani kabisa kufunga nyutro kwa ardhi. Hoja yao: waya mmoja ukiwa tayari umeshikana na udongo, kosa lolote la ule mwingine linaleta cheche, na cheche zinachoma nyumba ambayo wao wanailipia. Na mimi siwezi kuwacheka. Hadi leo vyumba vya upasuaji hospitalini hutumia stima isiyofungwa kwa ardhi, kwa sababu hutaki kosa moja dogo lizime mashine mgonjwa akiwa amefunguliwa kifua. Norway nayo nyumba nyingi ziko hivyo. Lakini hapo kuna kifaa kinachopima kila saa kama waya umeguswa na udongo, na mtu wa kukisikiliza kikilia. Mimi na wewe hatuna. Wamarekani walivutana karibu miaka 20 hadi 1913, sheria zao za nyaya zikalazimisha kufunga nyutro kwa ardhi kwa volti za nyumbani.

Kwetu stima ilikuja mabishano yakiwa yamepoa. 1908 Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara, alinunua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar akaileta Mombasa. Mwaka huo huo Nairobi nayo ikapata kampuni yake, na 1922 hizo mbili zikaunganishwa kuwa East African Power and Lighting. Kazi ya kufunga nyutro ikawa ya kampuni, huko nje kwa transfoma. Fundi wa nyumba alifundishwa kitu kimoja: ndani ya nyumba usiwahi kuunganisha nyutro na athi. Na yuko sahihi! Kwa nyumba ya gridi, kuunganisha mara ya pili ni makosa. Lakini ona kilichotokea: vizazi vya mafundi wazuri wamefanya kazi maisha yao yote bila kuwajibika kwa ule waya.

Halafu kuna ukoo mwingine wa mafundi, na hii ndiyo sehemu naipenda. Sola ya Kenya haikuanzia kwa matajiri wa Karen. Katikati ya miaka ya 1980, Harold Burris, mhandisi Mmarekani, alikuwa huko Meru akiweka paneli kwa shule na nyumba na kufundisha vijana kazi. Kutoka hapo ikasambaa. Uliza mzee yeyote wa ushago kuhusu Great Wall, ile TV ya rangi nyeusi na nyeupe, na betri ya gari iliyobebwa kwa baiskeli hadi sokoni kuchajiwa. Hiyo yote ilikuwa volti 12. Waya mwekundu, waya mweusi, basi. Hakuna nyutro, hakuna athi, na volti 12 hazimshiki mtu. Hao mafundi walijenga kitu ambacho dunia nzima ilikuja kukisoma.

Inveta ndiyo imekutanisha hizo koo mbili. Inachukua betri ya fundi wa sola na kuitoa kama volti 240 za fundi wa stima. Fundi wa sola anaunganisha nyaya mbili kama kawaida yake. Fundi wa stima haigusi nyutro na athi kama alivyofundishwa. Kila mmoja amefanya kazi yake vizuri, na katikati yao hakuna aliyebeba ule waya. Stima ikienda, inveta inajitenga na gridi, nyutro yako inaachana na ile nondo ya transfoma, na nyumba yako ni New York ya 1882, lakini na friji, mashine ya kufua, na shawa ya moto.

Ukweli ni kwamba kosa la kwanza halitakuua. Ndiyo maana hakuna anayelalamika. Labda utahisi kamtetemo kidogo ukigusa mwili wa laptopu. RCD nayo inadanganya: ukibonyeza kile kitufe cha T inakata vizuri tu, kwa sababu kitufe kinaumba kosa ndani ya RCD yenyewe, hakihitaji athi. Charles Dalziel wa chuo cha Berkeley, aliyebuni aina ya Kimarekani ya hiki kifaa mwaka 1961, alitumia miaka akipima ni stima kiasi gani inafanya mkono ushindwe kuachilia. Ni miliampia chache sana, kati ya 10 na 16 hivi. RCD inakata kwa sababu inaona stima ikivuja kwenda ardhini. Bila njia ya kurudi hakuna kuvuja, na bila kuvuja imelala, hadi kosa la pili.

Dawa iko. Nyutro inafungwa kwa athi upande wa kutokea wa inveta, mahali pamoja tu, wakati inveta ndiyo inalisha nyumba. Gridi ikirudi, muungano unaachia. Inveta nzuri zina rilei ya kufanya hivyo zenyewe, zingine lazima uiwashe kwa mipangilio. Usichukue kipande cha waya ujifanyie. Ukifunga mara mbili, stima ya kawaida inaanza kupita kwa athi na RCD inakata ovyo, na najua nyumba Rongai ambapo fundi aliitoa RCD yenyewe ndio kelele ziishe. Na kuna inveta za bei rahisi ambazo waya wake hakuna hata mmoja ambao ni nyutro ya kweli. Ukifunga mmoja kwa ardhi unaichoma.

Fundi wa sola wa kazi hii ana leseni ya EPRA, na daraja la juu ni T3. Mwambie azime gridi kwa swichi kuu, nyumba ibaki kwa inveta, kisha aweke mita kati ya nyutro na athi. Ikisoma karibu sifuri, waya uko. Ikisoma volti makumi au mia na kitu, hauko. Halafu aje na kile kipimo kinachovujisha stima kutoka laivu hadi athi kwa soketi, uone kama RCD itakata bila mtu kugusa kitufe cha T.