Udumifu wa Falaki

Katika orodha ya istilahi iliyotolewa na kamati moja ambayo adabu yanizuia kuitaja, hali ya sayari mbili au zaidi kulizunguka jua, au miezi kuizunguka sayari, katika njia moja pasipo kugongana wala kutawanyana imepewa jina la "utulivu wa obiti shirikishi", maneno ambayo kila moja lina ila yake, na yakikutana ila hizo huzaana.

Kutulia hutulia maji mtungini. Ama sayari, ambayo jina lake latokana na Kiarabu sara, yaani kwenda (na Waarabu wa leo hata motokaa huiita sayyara), haitulii asilani. Waliopendekeza "uthabiti" wamekaribia, ila wamesahau kwamba wanafalaki wa kale waliziita thawabit zile nyota zisizohama mahali pake, wakazitenga na sayari. Basi uthabiti ni sifa ya hasimu.

Tazama Janus na Epimetheus, miezi ya Zohali, ambayo njia zake zapitana kwa kilomita 50 hivi tu: kila baada ya miaka 4 wa ndani, wenye kasi zaidi, huukaribia wa nje, na kabla haijagusana huvutana hata ikabadilishana njia. Utulivu u wapi hapo? Au zile sayari ndogo zinazoandamana na Mshtarii, ambazo moja yake, Achilles, ya kwanza kutambuliwa, Max Wolf aliigundua mwaka 1906: huyumbayumba kandokando ya nukta zilizo nyuzi 60 mbele na nyuma ya Mshtarii, kama Lagrange alivyohesabu mwaka 1772, wala hazipotei.

Huyumba, hurudi, hudumu. Kwa hiyo nasema udumifu, kutoka Kiarabu dama, kilichotupa pia daima. Na obiti ya nini, ilhali falak kwa asili ni njia ya nyota, neno lenye udugu na falka, kile kigurudumu cha pia ya kusokotea uzi? Mwenzangu mmoja, mpenda kusahihisha wenziwe, adai falaki ni ya wapiga ramli. Na asome kwanza. "Shirikishi" nawaachia wenye mikutano.

Hoja hizi niliipelekea kamati. Nikajibiwa kwa kadi kwamba zimepokewa.

Matumizi: "udumifu wa falaki moja", "sayari dumifu", zikitawanyika, "zimefarakana".