MALI YA MAREHEMU MIKONONI MWA HAZINA: HAKI YA MRITHI NA WAJIBU WA HATI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, swali hili huulizwa sana misikitini siku hizi. Mzazi amefariki, miaka imepita, kisha watoto wanagundua kuwa aliacha fedha benki, hisa au bima, na fedha hizo zimekwishahamishiwa serikalini. Wakienda kuzidai wanatakiwa hati nyingi, zikiwemo za kodi. Je, hiyo bado ni mirathi? Na kuzihangaikia hati hizo ni jambo la dini au la dunia tu? Tuitazame historia kwanza, kwani jambo hili si geni kwa Waislamu.

MALI INA MWENYEWE TANGU SIKU YA MAUTI

Saad bin Rabii (r.a.) aliuawa shahidi katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625 Miladia). Ndugu yake akaichukua mali yote, na mjane wake akaja kwa Mtume (s.a.w.) pamoja na mabinti wawili wa Saad. Iliposhuka aya ya mirathi (Suratun-Nisaa, 4:11), Mtume (s.a.w.) alimwamuru ami yao awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, na yeye abaki na kilichosalia. Yaani katika mafungu 24, mabinti 16, mjane 3 na ami 5.

Tunapata hapa asili kubwa. Aliyeishika mali hakuwa mmiliki wake kwa kuishika tu. Mafungu yalithibiti kwa mauti, na kuchelewa kugawa hakukuyafuta. Na aliyesimama kudai ni mjane. Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa kufuatilia, bali alimsikiliza na akahukumu.

HAZINA NA MALI ISIYO NA MDAI

Baytul-Mal huipokea mali ya asiye na mrithi kwa niaba ya Waislamu wote. Lakini watawala walipoanzisha ofisi maalumu za mirathi, mpaka huo ulivukwa. Mwaka wa 283 Hijria (896 Miladia) Khalifa al-Mu'tadid wa Bani Abbas aliifuta diwani ya mirathi, na akaamuru kinachobaki baada ya wenye mafungu kurejeshwa kwa jamaa wa tumboni, dhawul-arham, badala ya kuingia hazinani.

Wakati wa Mamluki, ofisi hiyo ilikuwapo Misri na Sham kwa jina la diwani ya al-mawarith al-hashriyya. Jinsi ilivyofanya kazi tunaijua kutokana na hati karibu 900 zilizopatikana katika Haram ya Baytul-Maqdis baina ya 1974 na 1976, nyingi zikiwa za miaka ya 790 Hijria. Mashahidi walimwendea mgonjwa au maiti, wakaandika nguo zake, vyombo vyake, madeni yake na majina ya warithi wake, hata walio mbali. Hati hiyo ilimlinda mrithi asiyekuwapo. Mrithi asiyeandikwa wala kuthibitishwa alikuwa hatarini kuona haki yake ikihesabiwa kuwa ya hazina.

Mafaqihi wetu wa Kishafii walilizingatia hilo. Asili ya madhehebu ni kuwa kinachosalia huenda Baytul-Mal. Lakini Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) ameeleza katika Minhajut-Talibin kwamba waliokuja baadaye walifutu hivi: ikiwa hazina haiendeshwi kwa utaratibu wa kisheria, kilichosalia hurudishwa kwa wenye mafungu, isipokuwa mume na mke, na wasipokuwapo hupewa dhawul-arham. Ndugu msomaji, ikiwa hata kisicho na mwenyewe wazi kilirudishwa kwa jamaa, vipi kile chenye warithi walio hai?

HALI YA LEO

Minhaj imesomeshwa miaka mingi katika mwambao wetu, basi na tuitazame hali ya Kenya. Sheria ya mwaka 2011 kuhusu mali za kifedha zisizodaiwa imeunda mamlaka maalumu ya kuzipokea. Akaunti ya benki isiyoguswa kwa miaka 5 ni miongoni mwazo. Fedha huwekwa huko kwa amana, na mwenyewe au warithi wake wana haki ya kuzidai. Maana yake hazina hapa ni mshika amana tu, wala si mrithi.

Mdai huleta cheti cha kifo, kitambulisho, namba ya kodi, na hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Waislamu wana Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya 2010 imeitaja katika kifungu cha 170 kuwa na mamlaka juu ya urithi wao.

Ama kodi, ipambanuliwe. Ile kodi iliyotozwa kwa sababu ya urithi wenyewe, iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, ilifutwa Kenya mwaka 1982. Lakini kodi ya mapato ambayo marehemu alidaiwa akiwa hai haikuondoka kwa kufa kwake. Msimamizi wa mirathi ndiye anayewajibika kujaza ritani na kulipa kutoka katika tirka, si kutoka mfukoni mwake. Mwenyezi Mungu ametanguliza deni na wasia kabla ya mgao (4:11-12). Tena zaka ambayo marehemu hakuitoa ni deni pia kwa Mashafii, nayo hutolewa kabla ya mgao.

Mfano: zimepatikana shilingi 256,000. Deni la kodi na gharama za hati ni 16,000, zimebaki 240,000. Warithi ni mjane, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Mjane hupata thumuni, 30,000, mwana 105,000, kila binti 52,500. Na ikiwa ndani yake mna riba ya benki, hiyo itengwe kwanza, kwani haikuwa milki ya marehemu.

NASAHA

Hatari kubwa iko hapa: fedha hulipwa kwa jina na akaunti ya mtu mmoja. Kaka akasema, "Mimi ndiye niliyehangaika, namba ya kodi ni yangu." La! Ana haki ya kurudishiwa gharama alizotoa, na baada ya hapo hana zaidi ya fungu lake. Ikiwa mmoja wa warithi alikufa kabla ya fedha kupatikana, fungu lake ni la warithi wake. Nalo ndilo somo la munasakhat mnalolisoma vyuoni. Na aliye yatima miongoni mwao, tukumbuke onyo la aya ya 10 ya sura hiyo hiyo.

Basi maimamu wawahimize watu waandike mali zao na madeni yao wakiwa hai, na wawaambie watoto wao. Na msimamizi aweke nakala ya kila risiti awaoneshe wenzake, kama walivyofanya mashahidi wa Baytul-Maqdis. Hati ni hifadhi ya haki ya asiyekuwapo, na kuitafuta kwa nia ya kufikisha amana ni ibada.

Wallahu a'lam.