Kadi ya Bangi ya Kliniki: Ilitoka Wapi?

  Huenda umesikia kwa jamaa aliye Marekani kwamba huko mtu huenda kliniki, akatoka na kadi ya kumruhusu kutumia bangi kama dawa. Ikiwa una mtoto mwenye kifafa nyumbani, habari kama hiyo inaweza kukunyima usingizi. Je, ni dawa kweli? Tuifuate kadi hiyo tangu ilikoanzia.

Mwaka 1970 serikali kuu ya Marekani iliiweka bangi katika kundi la mihadarati mikali kabisa, ile isiyokubaliwa kwa matibabu yoyote. Daktari hakuruhusiwa kuiandika kwenye cheti cha dawa, wala duka la dawa kuiuza. Likumbuke jambo hilo, maana kadi ilizaliwa hapo.

Robert Randall alikuwa akipofuka kwa glakoma, ugonjwa wa presha ya macho. Alikamatwa kwa kupanda bangi nyumbani kwake Washington, akajitetea kortini kwamba ndiyo iliyokuwa ikimhifadhia macho. Alishinda mwaka 1976. Serikali ileile iliyomshtaki ikaanza kumpa sigara za bangi. Wagonjwa waliokubaliwa baada yake walikuwa wachache mno, na mwaka 1992 mlango ukafungwa kwa wapya.

Wakati huo UKIMWI ulikuwa ukiwamaliza vijana wa San Francisco. Walitapika, wakakonda, chakula hakishuki. Wewe uliyemuuguza mtu miaka ile hapa kwetu huhitaji kuelezwa. Mary Jane Rathbun, mama mtu mzima aliyekuwa amempoteza binti yake wa pekee katika ajali ya gari, alijitolea kuwahudumia katika hospitali ya jiji. Aliwaokea keki za chokoleti zilizotiwa bangi ili wapate hamu ya kula, na aliwaita watoto wake. Polisi walimkamata mara tatu. Yeye na rafiki yake Dennis Peron walipigania sheria mpya, na tarehe 5 Novemba 1996 wapiga kura wa California waliipitisha kwa karibu asilimia 56.

Lakini sheria hiyo haikutoa kadi yoyote. Ilitaka tu daktari awe amependekeza bangi, hata kwa mdomo. Sasa polisi akikusimamisha usiku, utamwonyesha nini? Jimbo la Oregon liliweka kadi katika sheria yake ya mwaka 1998. Jiji la San Francisco lilianza kutoa zake mwaka 2000, na mwaka 2003 California ikatunga sheria ya kadi zinazotolewa na idara za afya za wilaya, kwa anayetaka.

Serikali kuu nayo ilitishia kuwanyang'anya leseni za kuandika dawa madaktari waliopendekeza bangi. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa iliamua kwamba daktari ana haki ya kumwambia mgonjwa maoni yake. Ndiyo sababu karatasi ya kliniki haikuwa cheti cha dawa. Haikusema vijiko vingapi, mara ngapi kwa siku, wala kwa muda gani. Ilikuwa kinga mbele ya askari wa jimbo, basi. Baadaye zilizuka kliniki ambazo kazi yake ilikuwa hiyo karatasi tu. Kwenye ufuko wa Venice, Los Angeles, wapita njia waliitwa waingie kama wanavyoitwa abiria wa matatu.

Mtoto aliyebadilisha habari hii ni Charlotte Figi wa Colorado. Kifafa kilimshika akiwa na miezi mitatu. Alipofika miaka mitano kilimwangusha kama mara 300 kwa wiki, na dawa zilikuwa zimeshindwa. Sheria ya jimbo lake ilidai madaktari wawili watie sahihi kabla mtoto hajapewa kadi. Mama yake, Paige, aliwatafuta hadi akawapata. Mwaka 2012 alianza kumpa mafuta ya mmea wa bangi yenye kanabidioli nyingi, na kiasi kidogo sana cha ile kemikali inayolevya. Kifafa kikapungua hadi mara chache kwa mwezi. Televisheni ilipoonyesha habari zake mwaka 2013, familia nyingi zilihamia Colorado.

Mama, hapa tafadhali tulia. Mafuta yale siyo bangi inayouzwa mtaani kwetu. Hii ya mtaani ina kilevi kingi, na mtoto akilishwa anaweza kuzimia na kushindwa kupumua. Kenya hakuna kadi ya bangi, na bangi yenyewe ni marufuku. Anayekuuzia kadi anakuuzia karatasi. Tena, ukimwachisha mtoto dawa zake za kifafa ghafla, kifafa kinaweza kumshika mfululizo kisiachie. Dawa isipofanya kazi, mrudishe kwa daktari abadilishe kiasi au aina.

Wataalamu nao hawakutosheka na mtoto mmoja. Waliwagawa watoto na vijana 120 wenye kifafa kama cha Charlotte, wengine wakapewa kanabidioli safi, wengine maji ya dawa yasiyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Kwa waliopata kanabidioli, kifafa kilishuka kutoka kama mara 12 kwa mwezi hadi 6. Kwa wale wengine kilibaki karibu palepale. Wachache waliotumia dawa hiyo hawakushikwa na kifafa kabisa kwa muda wa utafiti. Wengine walitapika, wakasinzia, au ini likaonyesha dalili za kusumbuka.

Juni 2018 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa jina Epidiolex, ya maji, inayopimwa kwa sirinji ya mdomo kulingana na kilo za mtoto, huku damu ikipimwa kuangalia ini. Charlotte alifariki Aprili 2020 akiwa na miaka 13. Mama wa huko ambaye mtoto wake ana ugonjwa kama wake huandikiwa dawa hiyo kwenye cheti na daktari. Haulizwi kadi.