Upande Uliopotea: Hesabu ya Mashamba katika Misri ya Kale

Zamani za kale mto Nile ulifurika kila mwaka katika nchi ya Misri, ukawaletea wakulima udongo wenye rutuba. Lakini pengine ulimega shamba la mtu ukalipunguza. Herodotus, Myunani aliyeandika habari za nchi hiyo katika karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Kristo, asema kwamba mfalme aitwaye Sesostris aliwagawia watu mashamba ya pembe nne yaliyo sawasawa, akawatoza kodi kila mwaka. Mtu ambaye shamba lake limeliwa na mto alikwenda kumwarifu mfalme, naye mfalme alituma watu wapime upungufu, ili kodi nayo ipungue kwa kadiri hiyo.

Basi hapo ilitakiwa hesabu ya kweli. Tuseme shamba lilikuwa na dhiraa 100 kila upande. Eneo lake ni dhiraa za mraba 10,000. Mto umekula dhiraa 20 za upana, zimebaki 80. Asiyejua hesabu atadhani kwamba akiongezewa dhiraa 20 za urefu amepata haki yake yote. Sivyo. Maana 80 mara 120 ni 9,600 tu, amepunjwa 400. Njia iliyo sawa ni kuligawanya eneo kwa upande unaojulikana: 10,000 kwa 80, jawabu ni 125. Huo ndio urefu unaotakiwa.

Waandishi wa Misri waligawanya kwa kurudufu. Kwa mfano, eneo likiwa 84 na upana 7, husema: mara 1 ni 7, mara 2 ni 14, mara 4 ni 28, mara 8 ni 56. Kisha hutafuta zipi zikijumlishwa hufanya 84, nazo ni 56 na 28. Basi 8 na 4 ni 12, ndio urefu.

Tena walijua kutafuta pande mbili zilizofichika pamoja. Katika gombo moja la mafunjo, la mnamo mwaka 1850 hivi kabla ya Kristo, ambalo limehifadhiwa Moscow, mna swali hili: eneo ni 12, na upana ni nusu na robo ya urefu. Mwandishi auliza kwanza: nusu na robo zizidishwe mara ngapi hata zitimie 1? Jawabu ni 1 na thuluthi. Azidisha 12 kwa hiyo, apata 16, yaani eneo la mraba ambao kila upande wake ni sawa na urefu wa shamba. Hesabu ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake hutoa 16 ni 4. Basi urefu ni 4, na upana ni 3. Na 4 mara 3 ni 12.

Kanuni ni ile ile hata leo: gawanya eneo kwa upande ulio nao, utapata upande usio nao. Aijuaye aweza kumhakikisha mpimaji. Asiyeijua hana budi kumwamini.