SAFU YA LUGHA: Mwaminifu

Siku hizi mtu akimkosoa mwenzake huambiwa si rafiki mwaminifu. Neno limepindwa. Uaminifu, imani, amana na muumini yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya usalama na kutegemeka. Kwa hiyo mwaminifu ni yule unayemwachia amana ukaikuta salama, iwe mali, siri au jina lako usipokuwepo. Anayetii kila neno lako ni mtiifu. Anayekusifia kila ufanyalo, mtaani humwita chawa. Wote wawili wanaweza kukosa uaminifu kabisa.

Sisi Wakristo tuna mfano wa rafiki mwaminifu, Yonathani, katika kitabu cha Samweli wa Kwanza. Huyu mwana wa Mfalme Sauli alijua kwamba Daudi ndiye angetawala baada ya baba yake, na bado akalishika agano lao la urafiki. Daudi aliposema anawindwa na Sauli, Yonathani hakuitikia tu. Alibisha kwanza, akaenda kuhakikisha, akamtetea mbele ya baba yake hadi akatupiwa mkuki. Ndipo akamfuata rafikiye alikojificha, akampa habari chungu kwamba hana budi kukimbia.