Mlangamia na kaskuta: kupambanua mimea inayofanana

Mlangamia (Cassytha filiformis) ni kimelea wa asili wa pwani ya Afrika Mashariki, mmea wa nyuzi tupu zisizo na majani ya kuonekana, unaotandaa juu ya vichaka vya ufukweni na kuvifyonza. Umbo hilohilo linaonekana pia kwa kaskuta ya shambani (Cuscuta campestris), iliyotoka Amerika Kaskazini, na kaskuta ya Asia (Cuscuta reflexa), ambayo nchini Kenya huvamia miti na nyua za mimea. Wengi huipambanua kwa rangi: ya njano ndiyo ya kigeni, ya kijani ndiyo ya kwetu. Kigezo hicho ni kibovu. Mlangamia wa kivulini huwa wa kijani, lakini juani hugeuka njano hata rangi ya chungwa; nayo kaskuta ya Asia mara nyingi ina ukijani. Kufanana kwenyewe hakutokani na undugu, kwani mlangamia ni wa familia ya mparachichi na mdalasini, na kaskuta ni ya familia ya viazi vitamu. Maisha ya kufyonza ndiyo yaliyoivua yote majani. Basi ushahidi utafutwe mahali ambapo ukoo haujafutika, yaani kwenye ua na tunda. Ua la mlangamia lina vipande sita, vitatu vya nje vikiwa vidogo mno, na tunda lake ni la nyama, lenye mbegu moja. Ua la kaskuta kwa kawaida lina ncha tano, na tunda lake ni kijumba kikavu chenye mbegu hadi nne.

Mkulima atapinga kwamba kungoja ua ni kumpa mvamizi nafasi. Ana haki: penye mazao, nyuzi ziondolewe mara moja, ziwe za nani. Jina lina uzito kwa kinachofuata. Mbegu za kaskuta ya shambani huweza kukaa udongoni hai zaidi ya miaka 10, na kipande cha uzi kikiangukia mmea mwingine hushika upya, hivyo shamba lililosafishwa bado linahitaji ulinzi wa misimu mingi. Ufukweni, kinyume chake, kung'oa kwa pupa huondoa mmea wa asili bila faida yoyote.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba si kila kaskuta ni ya kigeni, maana Cuscuta kilimanjari ni ya asili katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Hapo hesabu ya ncha za ua haitoshi. Sampuli iliyokaushwa, yenye maua na matunda, ilinganishwe na zilizohifadhiwa katika hebaria, kama ile ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi.